Namba Kamili Zikikosekana: Jinsi ya Kupata Vigawo vya Mtajo wa Kuadratiki

Mwanafunzi wa sekondari akishajua kwamba x² + 7x + 12 ni sawa na (x + 3)(x + 4), huona amepata ufunguo wa mlango mzima. Anatafuta namba mbili ambazo zao lake ni 12 na jumla yake ni 7, anazipata, anaziingiza kwenye mabano, kazi imekwisha. Kisha anakutana na x² + 6x + 4. Anajaribu 1 na 4, jumla ni 5. Anajaribu 2 na 2, jumla ni 4. Anajaribu namba hasi, anarudi tena kwenye chanya. Dakika zinakwenda na maswali mengine yanamsubiri. Mwishowe ama anaandika mabano yoyote ili nafasi isibaki wazi, ama anaruka swali na kujiweka katika kundi la wasioweza hesabu.

Makala haya ni kwa ajili ya mwanafunzi huyo, mzazi anayekaa naye jioni na mwalimu anayemfundisha. Kukosa namba kamili si mwisho wa swali. Kipo kipimo kifupi kinachokuambia mapema kama namba hizo zipo. Ipo njia ya uhakika ya kupata vigawo pale zisipokuwepo. Na ipo namna sahihi ya kusema "hakuna vigawo" pale ambapo kweli hakuna. Mwenye kuyashika haya matatu hapigi ramli tena mbele ya mtajo wa kuadratiki, yaani mtajo ambao kipeo kikubwa cha x ndani yake ni 2.

Tatizo liko wapi

Chukua mtajo x² + 6x, kisha ongeza namba ya mwisho, kuanzia 1 hadi 9, uone ni mara ngapi namba kamili zinapatikana.

Namba ya mwisho ikiwa 5, tunapata (x + 1)(x + 5). Ikiwa 8, tunapata (x + 2)(x + 4). Ikiwa 9, tunapata (x + 3)(x + 3). Basi. Kwa 1, 2, 3, 4, 6 na 7 hakuna namba mbili kamili zenye jumla ya 6 na zao linalotakiwa. Katika mitajo 9, ni 3 tu inayokubali njia tuliyoizoea.

Mazoezi ya vitabuni huwapa wanafunzi hiyo mitatu kwa sababu mtunzi ameichagua: anaanza na mabano, anayazidisha, kisha anampa mwanafunzi matokeo ayarudishe yalikotoka. Ni zoezi zuri la kuanzia. Lakini anayekaa nalo muda mrefu huamini kwamba kila mtajo lazima uwe na namba kamili zilizofichwa, na kwamba asiyeziona ni mzembe. Imani hiyo ndiyo inayomfanya apoteze robo saa kwenye x² + 6x + 4. Namba anazozitafuta hazipo.

Pima kwanza, tafuta baadaye

Ushauri wangu wa kwanza ni huu: majaribio mawili matatu yakishindikana, acha kubahatisha, pima.

Andika mtajo kwa umbo la ax² + bx + c. Hapa a ni namba ya mbele, b ni namba ya kati na c ni namba ya mwisho, kila moja pamoja na alama yake ya chanya au hasi. Zidisha b kwa yenyewe. Kisha zidisha 4 kwa a kwa c. Toa hiyo ya pili kutoka ya kwanza. Jibu tuliite D:

D = b² − 4ac

Namba hii moja inakueleza yote unayohitaji kujua kabla ya kuanza.

D ikiwa mraba kamili, kama vile 0, 1, 4, 9, 16, 25 na kuendelea, basi vigawo vya namba kamili vipo, mradi a, b na c zenyewe ni namba kamili. Endelea kutafuta bila wasiwasi.

D ikiwa chanya lakini si mraba kamili, vigawo vipo ila vina alama ya kipeuo cha pili ndani yake. Acha kutafuta namba kamili, badili njia.

D ikiwa hasi, hakuna vigawo katika namba halisi, yaani namba zote tunazoweza kuzipanga kwenye mstari wa namba.

Kwa x² + 6x + 4, D ni 36 − 16 = 20. Ishirini si mraba kamili. Umetumia nusu dakika kujua jambo ambalo kubahatisha kusingekuambia kamwe, kwa sababu anayebahatisha hawezi kujua kama namba hazipo au hajazifikia.

Kipimo hiki husaidia pia upande wa pili: kinakuzuia kukata tamaa mapema. Tazama 12x² − 7x − 10. Kwa macho unaweza kuapa kwamba hauna vigawo. Pima: D = 49 + 480 = 529, na 529 ni 23 × 23. Vigawo vipo, na D inakupa hata namba za kuvunjia sehemu ya kati. Jumlisha b na 23 ugawanye kwa 2: (−7 + 23) ÷ 2 = 8. Toa 23 kutoka b ugawanye kwa 2: (−7 − 23) ÷ 2 = −15. Sasa vunja −7x iwe 8x − 15x:

12x² + 8x − 15x − 10 = 4x(3x + 2) − 5(3x + 2) = (4x − 5)(3x + 2)

Hapakuwa na kubahatisha hata hatua moja. Uhakika kwamba D yenye mraba kamili huleta vigawo vya namba kamili hata pale majawabu ya mlinganyo, yaani mtajo ukiwekwa sawa na 0, ni sehemu, kama hapa ambapo ni 5/4 na −2/3, unatokana na kanuni aliyoithibitisha Mjerumani Carl Friedrich Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1801, Disquisitiones Arithmeticae.

Dalili mbili za haraka

Kuna nyakati huhitaji hata kumaliza kukokotoa.

Dalili ya kwanza: a, b na c zikiwa zote witiri, hakuna vigawo vya namba kamili. Sababu yake ni rahisi kiasi cha kumweleza mtoto. Tuseme vigawo vipo, ni (px + q)(rx + s). Namba ya mbele ni pr. Ili iwe witiri, p na r lazima zote ziwe witiri. Namba ya mwisho ni qs. Ili iwe witiri, q na s nazo lazima ziwe witiri. Namba ya kati ni ps + qr, yaani witiri kujumlisha witiri, na jumla hiyo daima ni shufwa. Lakini tulisema namba ya kati ni witiri. Haiwezekani. Kwa hiyo ukiona x² + 5x + 3 au 3x² + 7x + 1, usipoteze hata sekunde kutafuta namba kamili.

Dalili ya pili inahusu D yenyewe. Mraba kamili haumaliziki kamwe kwa tarakimu ya 2, 3, 7 wala 8. Ukipata D ya 137 au 412, jibu liko wazi bila kugusa kikokotoo wala jedwali la vipeuo. Tahadhari moja: kumalizika kwa 0, 1, 4, 5, 6 au 9 hakuthibitishi kwamba ni mraba kamili. Ishirini inamalizika kwa 0 na si mraba kamili. Dalili hii inakataza tu, hairuhusu.

Safisha mtajo kabla ya kuuhukumu

Mitajo mingine huonekana haina vigawo kwa sababu tu haijasafishwa. Hatua ya kwanza kabisa, hata kabla ya kupima D, ni kutoa nje kigawo kikubwa cha shirika. Mtajo 6x² + 15x − 36 unatisha, lakini namba zote tatu zinagawanyika kwa 3. Ukitoa 3 unapata 3(2x² + 5x − 12), na ndani ya mabano D ni 25 + 96 = 121, mraba wa 11. Jibu ni 3(2x − 3)(x + 4).

Desimali na sehemu nazo zisikutishe. Mtajo 0.2x² + 0.7x + 0.6 ni sawa na 0.1(2x² + 7x + 6), na huo ni 0.1(2x + 3)(x + 2). Vivyo hivyo x² + x/6 − 1/6: toa 1/6 nje, ndani inabaki 6x² + x − 1, na matokeo ni 1/6 mara (3x − 1)(2x + 1). Namba kamili zilikuwepo muda wote, zilifunikwa na sehemu.

Baada ya kusafisha ndipo upime. Ukikuta D ni chanya na si mraba kamili, njia inayofuata ndiyo dawa yake.

Kamilisha mraba

Njia hii ni ya kale na ilianza kwa kuchora. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu cha aljebra ambamo alieleza namna ya kutatua x² + 10x = 39 kwa kutumia maumbo. Katika mmojawapo wa michoro yake kuna mraba wenye upande wa x. Zile 10x anazigawa mara mbili, mistatili miwili yenye upana wa 5 kila mmoja, anaibandika kwenye pande mbili za mraba zinazopakana. Umbo linakaribia kuwa mraba mkubwa, ila kona moja ipo wazi, nayo ni 5 kwa 5, yaani 25. Akiijaza, eneo lote ni 39 + 25 = 64, upande wa mraba mkubwa ni 8, na x ni 3.

Fanya hivyohivyo kwa x² + 6x + 4. Nusu ya 6 ni 3. Kona inayotakiwa ni 3 × 3 = 9. Sisi tunayo 4 tu, kwa hiyo tumepungukiwa na 5. Tunaandika:

x² + 6x + 4 = (x + 3)² − 5

Hapa ndipo penye siri yote. Tunajua tofauti ya miraba miwili: A² − B² = (A − B)(A + B). Tano si mraba wa namba kamili, lakini ni mraba wa √5. Hakuna sheria inayotukataza kuitumia. Basi:

(x + 3)² − (√5)² = (x + 3 − √5)(x + 3 + √5)

Hivyo ndivyo vigawo. Hakikisha: 3 + √5 ni takribani 5.236, na 3 − √5 ni takribani 0.764. Zijumlishe, unapata 6. Zizidishe kwa usahihi: 9 − 5 = 4. Masharti yaleyale ya jumla na zao tuliyoanza nayo yametimia. Kilichobadilika ni aina ya namba tu.

Sasa rudi kwenye ile familia ya x² + 6x na namba ya mwisho. Kila mtajo wake ni (x + 3)² ukitoa kiasi kinachopungua kufikia 9. Namba ya mwisho ikiwa 8 kimepungua 1. Ikiwa 5 kimepungua 4. Hizo ni miraba kamili, ndiyo maana zilikubali. Ikiwa 4 kimepungua 5. Ikiwa 7 kimepungua 2. Hapo vipeuo vinaingia. Mitajo yote 9 inafuata kanuni moja. Iliyoonekana myepesi haikuwa ya aina tofauti na iliyoonekana migumu.

Anza katikati, sogea pande zote mbili

Wapo wanafunzi wanaochanganywa na hatua za kukamilisha mraba lakini wanaipenda njia ya jumla na zao. Kwao ipo namna nyingine inayofika palepale.

Tunatafuta namba mbili zenye jumla ya 6 na zao la 4. Namba mbili zenye jumla ya 6 lazima ziwe na wastani wa 3. Kwa hiyo moja imezidi 3 kwa kiasi fulani, nyingine imepungua 3 kwa kiasi kilekile. Kiasi hicho kiite u. Namba zenyewe ni 3 + u na 3 − u, na zao lake ni 9 − u². Tunataka hilo liwe 4, hivyo u² = 5 na u = √5. Namba ni 3 + √5 na 3 − √5.

Waandishi wa mabamba ya udongo wa Babeli walitumia fikra ya kugawa jumla nusu kwa nusu zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mwaka 2019 mwanahisabati Po-Shen Loh wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani aliipa umaarufu mpya kama njia ya kufundishia, akieleza wazi kwamba vipande vyake ni vya kale. Naipendekeza kwa sababu mwanafunzi haachi alichokijua: swali ni lilelile la namba mbili, ila sasa analijibu kwa kukokotoa.

Namba ya mbele isipokuwa 1

Chukua 2x² + 4x − 3. Pima: D = 16 + 24 = 40. Hakuna namba kamili. Toa 2 nje, hata kama itazaa sehemu:

2(x² + 2x − 3/2)

Ndani ya mabano, nusu ya 2 ni 1, kona ni 1, na (x + 1)² imezidi mtajo wetu kwa 1 + 3/2 = 5/2. Kwa hiyo ni 2[(x + 1)² − 5/2]. Kipeuo cha 5/2 ni √10 ÷ 2. Vigawo ni:

2(x + 1 − √10/2)(x + 1 + √10/2)

Anayependa kanuni ya jumla anaweza kuitumia moja kwa moja: majawabu ya mlinganyo ni (−b + √D) ÷ 2a na (−b − √D) ÷ 2a. Akiyaita m na n, mtajo ni a(x − m)(x − n). Iangalie sana ile a mbele ya mabano. Ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote katika somo hili. Ukiiacha, mabano yako yakizidishwa yatatoa x² + 2x − 3/2, na huo si mtajo uliopewa.

D ikiwa hasi

Mtajo x² + 4x + 7 una D ya 16 − 28 = −12. Ukikamilisha mraba unapata (x + 2)² + 3. Namba halisi ikizidishwa kwa yenyewe haitoi jibu hasi, kwa hiyo mtajo huu hauwezi kushuka chini ya 3, wala hauwezi kuwa sifuri kwa thamani yoyote halisi ya x. Vigawo halisi havipo, na umekwisha kuthibitisha.

Jibu la "hakuna vigawo halisi" likiambatana na D = −12 ni jibu kamili. Mwanafunzi asiliandike kwa unyonge kana kwamba ameshindwa. Wanaoendelea na hisabati ya juu watakutana na namba i, ambayo i² = −1, na hapo mtajo huohuo utakuwa (x + 2 − i√3)(x + 2 + i√3). Njia ni ileile ya tofauti ya miraba miwili, kwa kuwa +3 ni sawa na kutoa −3.

Kwa hiyo ukisema mtajo hauna vigawo, taja daima ni vigawo vya namba gani. Mtajo x² + 6x + 4 hauna vigawo vya namba kamili, lakini unavyo vya namba halisi. Mtajo x² + 4x + 7 hauna vya namba halisi, lakini unavyo ukiruhusu i. Sentensi isiyotaja aina ya namba haijakamilika.

Soma swali linataka nini

Swali likisema "tafuta vigawo" katika sura inayohusu namba kamili, na D si mraba kamili, eleza hivyo na uonyeshe D. Likisema "tatua mlinganyo", endelea mpaka kwenye majawabu yenye kipeuo. Likitaka desimali mbili, kokotoa kwa kipeuo mpaka mwisho ndipo ukadirie. Likiuliza thamani ndogo kabisa ya mtajo, ishia kwenye umbo la mraba uliokamilishwa: (x + 3)² − 5 inakuonyesha papo hapo kwamba thamani ndogo ni −5, nayo hupatikana x ikiwa −3.

Jihadhari na makosa manne yanayowagharimu wengi.

Kosa la kwanza ni la alama. Jawabu likiwa x = −3 + √5, kigawo chake ni x + 3 − √5. Alama zote mbili zinageuka, si moja.

La pili ni kuandika √5 kama 2.24 katikati ya kazi na kuweka alama ya sawasawa. Ukizidisha (x + 3 − 2.24)(x + 3 + 2.24) unapata namba ya mwisho ya 3.9824, si 4. Acha √5 ibaki √5.

La tatu ni kuchanganya mtajo na mlinganyo. Mlinganyo 3x² + 18x + 12 = 0 unaweza kugawanya pande zote kwa 3 na 3 ikaondoka. Mtajo 3x² + 18x + 12 hauna upande wa pili. Hapo 3 inatoka nje ya mabano lakini haipotei.

La nne ni kuandika x² + 9 kama (x + 3)². Mraba wa x + 3 una 6x katikati. Mtajo x² + 9 una D ya −36, na hauna vigawo halisi.

Na kila mara, ukimaliza, zidisha mabano yako. Hesabu hizi zina neema ya kujisahihisha: anayezidisha hahitaji kusubiri alama ya mwalimu kujua kama amepata.

Namba hizi zipo katika maisha

Mwanafunzi ana haki ya kuuliza kwa nini ahangaike na vipeuo visivyotoka sawasawa. Mpe karatasi ya A4. Ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ikikatwa katikati ya urefu wake inatoa A5 mbili zenye umbo lilelile. Ili hilo liwezekane, tuseme upana ni 1 na urefu ni x. Nusu yake ina pande za 1 na x/2, hivyo uwiano wake mpya ni 2/x, na unapaswa kuwa sawa na x. Tunapata x² − 2 = 0, yaani (x − √2)(x + √2) = 0. Gawanya 297 kwa 210: 1.414. Karatasi anayoandikia majibu imetengenezwa kwa mtajo usio na vigawo vya namba kamili.

Au mpe kazi ya kupima bustani ambayo urefu wake unazidi upana kwa mita 4. Akitaka eneo la mita za mraba 60, mlinganyo ni x² + 4x − 60 = 0, vigawo ni (x + 10)(x − 6), upana ni mita 6. Akitaka eneo la 50, mlinganyo ni x² + 4x − 50 = 0, D ni 216, na upana ni −2 + √54, takribani mita 5.35. Mwenye bustani hatabadili eneo lake ili hesabu itoke vizuri.

Kwa walimu na wazazi

Mwalimu mwenzangu, changanya mitajo. Katika zoezi la maswali kumi, weka mawili au matatu yasiyo na vigawo vya namba kamili tangu wiki ya kwanza, na useme wazi kwamba yamo. Mwanafunzi ajifunze kupima D mapema, kabla hajajenga tabia ya kubahatisha. Mpe familia ya x² + 6x na namba za mwisho kutoka 1 hadi 12, mwache agundue mwenyewe zipi zinakubali, zipi zinadai kipeuo, na kwa nini kuanzia 10 mambo yanabadilika. Chora ule mraba ubaoni. Anayeiona kona iliyo wazi hasahau tena 9 ilikotoka. Na unaposahihisha, mpe alama mwanafunzi aliyeandika "hakuna vigawo vya namba kamili" akaonyesha sababu, kwa kuwa huo ni uthibitisho.

Mzazi, hata kama hisabati hukuifikia mbali, unaweza kusaidia kwa maswali mawili: "Umepima D?" na "Umezidisha mabano yako kuhakikisha?" Usimwambie mtoto kwamba hesabu zilikushinda hata wewe. Atalichukua neno hilo kama ruhusa ya kuacha.

Nawe mwanafunzi, kesho chukua daftari, andika x² + 8x na namba ya mwisho kuanzia 1 hadi 16. Pima D ya kila mmoja, tenga inayotoa namba kamili na inayotoa vipeuo, kisha tafuta vigawo vya yote na kuvihakikisha kwa kuzidisha. Ukimaliza zoezi hilo kwa mkono wako, hakutakuwa na mtajo wa kuadratiki utakaokukwamisha kwenye chumba cha mtihani.